Seva mbili, anwani moja ya IP

Kwa tovuti ndogo sihangaiki na Pacemaker, programu nzito ya kusimamia kundi la seva; Keepalived, inayohamishia anwani ya IP kwenye seva ya pili pale ya kwanza inapokufa, inatosha kabisa. Isakinishe kwenye seva zote mbili, kisha fungua /etc/keepalived/keepalived.conf. Weka virtual_router_id (namba ya kundi lao) ileile pande zote, priority (kipaumbele) 150 kwa seva kuu na 100 kwa ya akiba, pamoja na anwani ya IP zitakayopokezana.

Seva yaweza kuwa hai huku Nginx, programu inayohudumia tovuti, imekufa. Kwa hiyo andika vrrp_script inayoita /usr/bin/pidof nginx kuangalia kama Nginx iko hai, na uitaje ndani ya track_script, la sivyo Nginx ikifa anwani haitahama ng'o. Firewall nayo iruhusu itifaki namba 112 (VRRP), ambayo seva hizi hutumia kuambiana kuwa ziko hai.

Jaribu mchana, bosi akiwa macho: zima Nginx kwenye seva kuu, halafu endesha ip addr kwenye ya akiba uone kama anwani imefika. Ukichomoa umeme kabisa, kwa advert_int 1 (seva kuu hujitangaza kila sekunde moja), subiri sekunde tatu na ushee.