Harusi ya bajeti ndogo hapa Kigoma, mnaanzaje nyie wawili

Kabla hamjaita kamati kaeni wawili tu, simu pembeni, daftari moja, kila mtu aandike hela aliyonayo mkononi, sio ya kutarajia, maana ahadi za michango tunazijua, mtu anaahidi laki siku yenyewe anakuja na elfu ishirini na watoto watatu. Sisi tulihesabu ahadi kama pesa, tukaja kumaliza deni la viti na turubai miezi minne baada ya ndoa.

Tangazo la ndoa wahini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka litolewe siku 21 kabla ya ndoa.

Sasa msosi, hapo ndo hela inapoishia. Msikimbilie ng'ombe, migebuka, samaki wetu wa ziwani, tunayo, ila kabla ya kupanga tarehe angalieni mwezi wa angani jamani! Wavuvi wetu wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa vizuri, mzigo unakuwa mdogo na bei inapaa. Halafu 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa hiyo mkitaka miezi hiyo ulizieni kwanza ndo mchape kadi. Mmoja wenu adamke aende mwenyewe mwaloni Kibirizi, samaki wanaposhushwa, asimtume shemeji, shemeji atarudi na bei yake.

Ukumbi? Uwanja wa nyumbani unatosha. Keki ndogo tu, wengi wanaonjeshwa kwa kijiti.

Sare za kamati tulizifuta, mashangazi wakanuna wiki nzima, wakaja kucheza wa kwanza.