Ukitaka kumwona kima punju, kaa kitako

Nimezaliwa Pete, kijiji kinachopakana na msitu wa Jozani. Kima punju hapatikani popote duniani ila hapa Unguja, pamoja na wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Lakini nawajua watu wa Mjini, rika langu, ambao hawajawahi kumtia machoni, na hilo linaniuma.

Ukitokea Mjini panda gari ya Jambiani, 309, au ya Makunduchi, 310, umwambie utingo akushushe Jozani. Ni kama kilomita 35. Chukua kitambulisho, maana mwenyeji halipi sawa na mgeni. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu. Wakati wa masika mbu wa mle hawana huruma.

Fika saa mbili au saa tatu asubuhi, ndipo wanapokula. Jua likishapanda wanalala juu ya matawi, utaona mikia inaning'inia tu. Ukiwakosa, ngoja saa tisa alasiri.

Mtembezaji atajua walipo. Mara nyingi si ndani ya msitu mkubwa, bali upande wa kusini, karibu na makonde ya watu. Ukishawaona usiwafuate. Kaa kitako, nyamaza, simu iwe mfukoni. Wape robo saa wakuzoee, nao watarudi kwenye shughuli zao.

Hapo sasa tazama mkono. Kima punju hana dole gumba. Vidole vinne virefu vinalishika tawi kama ndoana. Halafu tazama anachokula: majani machanga, matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, limeumbiwa majani, na utamu wa tunda bivu humvuruga. Mwaka jana mpwa wangu alitoa ndizi kwenye mkoba wake wa skuli amrushie mmoja. Nilimshika mkono. Alilia, lakini nilipomweleza alielewa.

Mama alikuwa na tanuu la mkaa pembeni ya konde. Siku moja, nami ni mtoto, alishuka kima jike, mtoto wake kamganda tumboni. Akaokota kipande cha mkaa kama kidole changu, akapanda nacho mti wa mkungu, akawa anakitafuna taratibu mpaka midomo yake ya waridi ikawa myeusi tititi. Mama alimfukuza akidhani ni ukorofi. Baadaye sana watafiti walikuja kueleza kwamba majani ya mkungu na ya mwembe yana vitu vinavyomdhuru, na mkaa huvinyonya tumboni. Yule jike alikuwa akitafuta dawa.

Neno punju maana yake ni sumu. Wazee walisema mti anaoula hufa, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Mkungu ule wa mama upo mpaka leo, unatoa kivuli.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni umbali. Kima wa Jozani wamewazoea watu, wanaweza kukupitia miguuni. Akikusogelea, wewe ndiye urudi nyuma. Kule Uganda na Rwanda, anayekwenda kuwatazama gorila akiwa na mafua hukatazwa kuwakaribia, kwa sababu maradhi yetu huwashika wao pia, na waliobahatika kufika kwa kawaida hupewa saa moja tu. Sisi nasi tujiwekee dasturi hiyo. Ukiwa unakohoa, ahirisha safari, msitu hauhami.

Wakati wa kurudi, kwa vespa au kwa gari, punguza mwendo kabla hujafika kwenye matuta. Yaliwekwa kwa sababu gari zilikuwa zikiwaua kima wengi pale barabarani, na vifo vikapungua. Kundi huvuka mmojammoja. Akishavuka wa kwanza usiondoe gari. Ngoja, tazama kichakani, wa nyuma wanakuja.