Vile ya kuunganisha dayari ya habari na webusaiti bila stori kuingia mara mbili

Kama mko watu wanne watano chumba kimoja na mnatoa habari za Lamu mjini, Mokowe, Mpeketoni mpaka Faza, bila shaka mna dayari mahali, yaani orodha ya stori zinazopangwa na nani anaandika nini, iwe ni Google Sheets au ubao wa ukutani, na mna webusaiti ya WordPress, na katikati hapo kuna mtu ambaye kazi yake ni kukopi tu. Anakopi kichwa, anakopi jina la ripota, anachagua kategoria, alafu stori ikitoka anarudi kwenye dayari kuandika "imetoka" na kupesti linki. Siku akiwa hayupo dayari inasema hivi webusaiti inasema vile, ripota wa Faza anatuma voisi "kaka, ile yangu ya maji imeishia wapi?" na hakuna anayejua. Kukopi huko kunaweza kufanywa na mashine na nyinyi mkabaki na kazi ya habari, na nataka sana vyumba vidogo vya huku pwani vijue hivyo.

Wenye bajeti wana programu kama Kordiam, ile ya Ujerumani iliyokuwa ikiitwa Desk-Net, inakuja na plagini (kiongezi) yake ya WordPress. Sisi tunatumia Google Sheets na skripti ndogo ya Apps Script, yaani maagizo machache unayoiandikia shiti ijifanyie kazi yenyewe, haina malipo, na kanuni ni zile zile hata ukitumia kitu kingine.

Kabla ya kugusa kompyuta

Kaeni chini mkubaliane nani mwenye nini. Hapa ndo watu wengi wanapakosea, wanataka kila kitu kiende na kurudi, ukibadilisha huku kibadilike kule na kule kibadilike huku, matokeo yake mhariri amekaa nusu saa anapika kichwa kizuri cha bei ya samaki, dakika kumi baadaye skripti inapita na kumrudishia "samaki bei??" iliyoandikwa kwenye dayari asubuhi. Kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja na kiende upande mmoja tu. Kwetu dayari ndo mwenye ripota, dawati na tarehe ya mwisho ya kuleta. Webusaiti ndo mwenye maandishi, picha, na kichwa kuanzia pale drafti inapozaliwa. Dayari inatuma kichwa mara moja tu, ile ya kuunda, baada ya hapo haina ruhusa. Na kutoka webusaiti kuja dayari vinarudi vitu viwili, hali ya stori na linki.

Alafu kila stori iwe na namba yake. Si namba ya mstari kwenye shiti, manake mtu akisort shiti mistari inahama na namba ya mstari wa 12 inakuwa ya stori nyingine kabisa. Kolamu ya kwanza andikeni namba isiyobadilika, sisi tunaandika h-0412 na kuendelea, na kolamu ya mwisho iachwe wazi kwa ajili ya ID, yaani namba ambayo WordPress yenyewe inaipa stori. Hiyo kolamu mtu asiiguse, ifungeni kabisa.

Upande wa WordPress

Unda mtumiaji mpya, umwite dayari, umpe cheo cha Mhariri. Cheo cha Mwandishi hakitoshi kwa sababu hawezi kuweka stori kwa jina la mtu mwingine, na cheo cha msimamizi mkuu usimpe hata kama ni rahisi, siku paswodi ikivuja umetoa funguo za nyumba nzima. Ingia kwenye profaili yake, shuka chini kabisa utaona sehemu ya kutengeneza paswodi ya programu (Application Passwords), ipo tangu WordPress 5.6 ya mwaka 2020. Inakuja herufi 24, inaonekana mara moja tu, ikopi hapo hapo. Usipoiona, angalia kama webusaiti yako ina HTTPS, yaani anwani yake inaanza na https://, na kama ipo angalia plagini ya usalama, zingine zinaizima.

Paswodi hiyo usiiandike ndani ya skripti wala kwenye shiti. Apps Script ina mahali pake pa kuhifadhi siri, panaitwa Script Properties, weka huko.

Skripti yenyewe inafanya nini

Inaamka kila dakika kumi, inapita mstari mmoja mmoja. Mstari ukiwa na hali "imekubaliwa" na kolamu ya ID ni tupu, inatuma ombi kwa wp-json/wp/v2/posts, mlango wa webusaiti yako wa kupokea stori kutoka programu nyingine, ikiwa na kichwa, ripota, kategoria na hali ya draft. WordPress ikikubali inajibu 201, yaani imeundwa, na ID ya stori, na hiyo ID inaandikwa kwenye shiti saa hiyo hiyo, usingoje mistari yote iishe, lakini kabla ya kuandika itafute tena ile h-0412 iko mstari gani saa hii. Mstari wenye ID tayari, skripti inarudisha tu hali na linki kutoka webusaiti. Kategoria na ripota vinaenda kwa namba si kwa majina, kwa hivyo tengeneza shiti ndogo pembeni: Uvuvi ni 7, Siasa ni 4, na kadhalika kulingana na webusaiti yako.

Sasa hapa kuna mtego na naomba uusome pole pole. Intaneti yetu unaijua, na stima pia. Skripti inatuma ombi, WordPress inaunda drafti, alafu jibu linapotea njiani. Shiti haikupata ID, dakika kumi zijazo skripti inaona tupu, inaunda nyingine. Mara ya kwanza tuliamka tukakuta drafti tano za stori moja ya daraja na waandishi wawili kila mmoja anaandika ya kwake. Dawa ni kutuma ile namba yako, h-0412, kama slagi ya stori (kile kipande cha mwisho cha linki yake), na kabla ya kuunda chochote skripti iulize kwanza, posts?slug=h-0412&status=any, ikipatikana ichukue ID yake, isipopatikana ndo iunde. Mhariri abadilishe slagi kabla ya kuchapisha ili linki isomeke vizuri, wakati huo ID ishaingia kwenye shiti na hakuna hasara. Ongeza na LockService, kufuli ya Apps Script, ili skripti isiendeshwe mara mbili kwa wakati mmoja.

Ukiona jibu la 401 basi paswodi haijafika au hosti yako, kampuni inayohifadhi webusaiti, inaikata njiani, wapigie simu uwaambie neno Authorization wataelewa. 403 ni cheo hakitoshi.

Saa, saa, saa

Kuna saa za aina mbili zitakusumbua. Ya kwanza ni ya mitambo. WordPress mpya inakuja na saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo kwenye mipangilio chagua Nairobi. Shiti ina saa yake pia na Apps Script ina yake, zote tatu ziwe Africa/Nairobi.

Ya pili ni yetu wenyewe. Tulipewa taarifa na ofisi moja, tukaambiwa isitoke kabla ya saa moja jioni. Ripota akaandika kwenye dayari "saa 1", na kwa Mswahili yeyote hiyo iko wazi. Skripti ikasoma 01:00. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, na WordPress ukiiambia ipange stori kwa saa ambayo imeshapita haingoji, inaichapisha hapo hapo. Simu iliyofuata bado naikumbuka, maana tulikuwa tumewapa ahadi na tukaivunja bila kujua. Toka siku hiyo kolamu ya saa inakubali 19:00 tu, ukiandika saa 1 shiti inakataa na kugeuka nyekundu, na mashine haina ruhusa ya kuchapisha wala kupanga saa, inaunda drafti basi, kitufe anabonyeza mtu.

Na zile za mwandamo, Maulidi au Idi, ziacheni bila tarehe mpaka mwezi uonekane, drafti isiyo na tarehe haina shida yoyote.

Kama mnapanga stori zitoke usiku, jueni kwamba WordPress haina saa ya kuamka yenyewe, inashtuka mtu akifungua webusaiti. Saa kumi usiku hakuna mtu, stori ya saa kumi inatoka saa kumi na mbili mtu wa kwanza akiingia. Zima WP-Cron (hiyo saa yake inayongoja mgeni) kwenye faili la wp-config.php na uweke kroni ya kweli, saa ya kuamsha kazi yenyewe, kwenye hosti, kila dakika tano.

Kujaribu

Usianze na dayari nzima. Weka stori moja ya uongo, iendeshe skripti mara mbili mfululizo, sort shiti, iendeshe tena. Badilisha kichwa kwenye webusaiti, alafu badilisha kwenye dayari, uone cha webusaiti kimebaki. Futa ID kwa mkono ujifanye intaneti imekatika, iendeshe tena. Ukifungua WordPress ukakuta drafti moja tu, yenye kichwa cha mhariri, waite wenzako.