Jinsi ya kupanga siku ya ndege na picha Mabamba ukiwa na washkaji

Kama mko Kampala ama Entebbe na mna siku moja tu ya kutoka na kamera, nendeni Mabamba, kile kinamasi cha mafunjo pembeni ya Ziwa Victoria, maana pale ndo mnaweza kumwona korongo nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, bila kulala njiani. Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege lakini huyu ndo watu wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumtafuta, na sisi tunaye hapa hapa jamani.

Njia ziko mbili. Ukitokea Kampala unapitia Kasanje kwa gari, ukitokea Entebbe unavuka na feri pale Nakiwogo mpaka Buwaya halafu unachukua boda. Ya feri ni tamu zaidi ila ulizia ratiba jana yake, ukikosa feri ya kwanza, asubuhi imeshaliwa. Muwe kwenye mtumbwi jua likiwa bado la chini, baada ya hapo mwanga unakuwa mkali na joto linapanda kutoka kwenye maji, picha zinatoka na ukungu hata kama lenzi yako ni ya bei mbaya.

Bei ya mtumbwi na mwongozaji muelewane kabla hamjapanda, na life jacket kila mtu avae, usiseme unajua kuogelea. Mkiwa wengi chukueni mitumbwi miwili, watatu watatu inatosha. Mwenye lenzi ndefu akae mbele, wengine nyuma yake, mkifika nusu ya safari mnarudi kando mnabadilishana ili asiwepo mtu wa kupiga migongo ya wenzake siku nzima. Hakuna kusimama. Simu zote silent, na ukiona kitu nyoosha mkono taratibu, usipige kelele "yule pale!"

Sasa korongo mwenyewe. Chakula chake kikubwa pale ni kamongo, yule samaki mwenye mapafu, na kamongo lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo ndege anasimama kwenye uwazi kati ya mafunjo anamngoja, anaweza kukaa hivyo muda mrefu sana bila hata kutikisika. Hapo wengi wanapiga picha kumi zinazofanana halafu wanaanza kumwambia mwongozaji asogeze mtumbwi, asogeze tena, asogeze kidogo tu. Msifanye hivyo, nawaomba kabisa! Akianza kuinama mbele na kulegeza mabawa anataka kuruka, na akiruka amekosa kula na nyie mmekosa picha. Kaeni mbali, ngojeni. Akishambulia anajiangusha mzima mzima, kichwa, mabawa, kila kitu kinaenda majini, halafu anainuka na majani mdomoni anayatikisa kushoto kulia yadondoke abaki na samaki. Hiyo ndo picha. Kwa hiyo wakati mnangoja weka kasi ya shata sekunde 1/1600 ama haraka zaidi, ISO (uwezo wa kamera kunasa mwanga) iache ipande tu, weka kamera ipige mfululizo, na usimjaze kwenye fremu, acha nafasi pembeni maana mabawa yakifunguka yanakatwa.

Mwenye simu tu asikate tamaa, weka kamera ya simu kwenye jicho la darubini, shika kwa mikono miwili, viwiko kwenye magoti, inatoka vizuri kuliko zuumu ya simu.

Mkirudi msizime kamera. Mdiria, keremkerem na sile-maua (yule anayetembea juu ya majani ya yungiyungi) wako karibu kabisa na mtumbwi, kwa yangeyange, yule mweupe, punguza mwanga kidogo kwenye kamera la sivyo manyoya yanakuwa doa jeupe tupu. Na ongeeni na waongozaji. Zamani wavuvi waliamini kumwona korongo huyu ni mkosi, hutapata samaki, wakawa wanamuua, leo watu wa pale pale wanalisha familia kwa kumwonyesha wageni, ndo maana mimi nasema tip itolewe vizuri.

Mchana kuleni rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, halafu jua likipoa pitieni bustani ya mimea Entebbe, ile ya tangu 1898, kuna ndege kama shorobo buluu mkubwa na hondohondo, na nyani aina ya mbega, na huko mnatembea kwa miguu kwa hiyo hata watoto mnaweza kuja nao.

Usiku mkichagua picha za kurusha kwenye grupu, ya kiota chochote futeni lokesheni kwanza, hasa cha korongo nyangumi, vifaranga vyake vinatafutwa na watu wa magendo. Na memori kadi usiifute mpaka picha ziko sehemu mbili.