Dhamana Kwanza: Kuongeza Kasi ya Prosesa Katika Joto la Tanga

Kompyuta iliyounganishwa kiwandani kwa kawaida huja na dhamana moja inayobeba mashine nzima, tofauti na ile aliyoiunga fundi kwa vipuri mbalimbali, ambayo kila kipuri huwa na dhamana yake. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuongeza kasi ya prosesa huanzia kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya mazabodi yenye mipangilio ya mashine. Tafuta kijitabu cha dhamana, usome kinasema nini kuhusu kuendesha vifaa nje ya vipimo vya mtengenezaji, kuhusu kufungua kasha, na kuhusu stika ya muhuri. Dhamana ya Intel, watengenezaji wa prosesa, haifuniki uharibifu unaotokana na kubadilisha kasi au volteji, na wenzao AMD nao hawaufuniki, hata kama umetumia programu yao wenyewe. Zamani Intel waliuza kinga ya ziada kwa ajili ya jambo hili, lakini waliiondoa mwaka 2021.

Ukishajua unachohatarisha, hakikisha kwamba mashine yenyewe inakubali. Kwa prosesa za Intel za kompyuta za mezani, tafuta herufi K mwishoni mwa jina pamoja na mazabodi yenye chipseti (chipu zinazoiongoza mazabodi) ya daraja la Z. Ryzen, prosesa za AMD, nyingi huruhusu kuongezwa kasi, ila mazabodi za chipseti ya A320 haziruhusu. Hata hapo, BIOS za mashine nyingi za ofisini zimeondolewa vipengele hivyo kabisa. Usipoviona, ishia hapo, wala usikubali fundi akuwekee BIOS ya mazabodi nyingine.

Jambo la joto ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa msomaji wa Tanga. Feni hupooza prosesa kwa hewa ya chumbani, kwa hiyo kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa, na msimu wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi pale Ngamiani hupita nyuzi 30 bila taabu. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la prosesa, endesha kazi nzito kwa nusu saa huku kasi ikiwa ile ya kiwandani, kisha andika joto la juu kabisa. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikifika nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi zikifika 95. Ikiwa tayari umevuka 90, huna nafasi ya kuongeza chochote. Safisha vumbi, sogeza kasha mbali na ukuta, na kama dhamana inaruhusu kufungua, badilisha pesti ya prosesa iliyokauka. Mara nyingi utarudishiwa kasi ambayo joto lilikuwa likiila, na dhamana itabaki salama.

Kumbuka pia kwamba joto linalozalishwa na prosesa hukua kwa kuzidisha kasi na kipeo cha pili cha volteji. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, joto hilo linalozalishwa litapanda kwa takriban asilimia 33, mzigo ambao feni ndogo na pawasapulai ya kiwandani havikuundwa kuubeba. Ndiyo maana ningesubiri dhamana iishe, hasa kama duka liko Dar es Salaam na kompyuta italazimika kusafirishwa kwa basi ili ikakaguliwe.

Ukiamua kuendelea, hifadhi mafaili yako mahali pengine, piga picha mipangilio ya awali ya BIOS, na uunganishe kompyuta kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya majaribio unaweza kuharibu mafaili. Ongeza kizidishio, yaani namba ya BIOS inayopanga kasi ya prosesa, kwa hatua moja, yaani megahezi 100, bila kugusa volteji, kisha ijaribu kwa saa moja kwa OCCT, programu ya kuipa mashine mzigo mzito. Rudia hivyo hivyo hadi ianze kuganda au kutoa makosa, ndipo urudi nyuma hatua mbili. Ikikataa kuwaka, zima umeme na ufute mipangilio ya BIOS kwa kufuata mwongozo wa mazabodi.

Kasi ya memori ya XMP, yaani mpangilio wa BIOS unaoipandisha memori juu ya kasi yake ya kawaida, nayo huhesabiwa na Intel kuwa kuvuka vipimo, ingawa wengi huiona ni jambo dogo. Na kifaa kingine kikiharibika, mwambie fundi wa dhamana ukweli wa ulichobadilisha, maana asipojua atatafuta ugonjwa mahali usipo.

Jaribio lililofaulu Julai, kusi likivuma, lirudie Januari saa nane mchana, madirisha yakiwa wazi.