Jinsi ya kuchagua waini tamu ya Hungaria, na zabibu zinazoipa utamu wake

Chupa yangu ya kwanza ya Tokaji, waini maarufu ya Hungaria, niliinunua kwa kuangalia rangi tu. Ilikuwa ya dhahabu inang'aa, imeandikwa Tokaji Szamorodni, nikajua ndo ile waini tamu inayosifiwa kila mahali, nafika nyumbani nafungua, kavu kabisa, inanukia lozi na tufaha lililokaa sana. Haikuwa imeharibika, ndo inavyotakiwa kuwa, ila kwenye lebo kulikuwa na neno moja dogo sikulisoma: száraz. Maana yake kavu.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, jifunze maneno manne. Édes ni tamu, félédes ni tamu kiasi, félszáraz ni kavu kiasi, száraz ni kavu. Na kuyasoma siyo shida kwetu: sz ni s ya kawaida, s peke yake ni sh, na ny ni ileile ya nyumba na nyanya, kwa hiyo puttonyos, neno la kipimo cha utamu, unasoma "puttonyosh" na aszú, jina la zabibu zilizosinyaa na la waini yake, unasoma "asuu". Ukiona félédes kwenye waini nyekundu ya bei rahisi, hiyo ni kitu kingine kabisa, inanyweka, lakini siyo ninayoizungumzia hapa.

Ninayoizungumzia inatoka Tokaj, kaskazini mashariki mwa Hungaria, kwenye vilima vya udongo wa volkeno pale mto Bodrog unapoingia mto Tisza. Hiyo mito ndo siri yenyewe. Vuli ikifika asubuhi ukungu unapanda kutoka mtoni unafunika mashamba, mchana jua linatoka na upepo unakausha, kesho tena hivohivo. Unyevu unamleta kuvu anaitwa botritisi, anatoboa ganda la zabibu vitundu vidogo sana, maji yanatoka kama mvuke, zabibu inasinyaa inabaki kama zabibu kavu ya kwenye pilau, na ndani sukari imejikusanya pamoja na ule uchachu. Ingekuwa mvua tupu bila jua zingeoza vibaya na kazi ya mwaka mzima imekwisha, ndo maana miaka mingine aszú haitengenezwi kabisa. Zabibu zilizosinyaa hivo ndo zinaitwa aszú, na zinachumwa punje moja moja kwa mkono, mchumaji anarudi kwenye mzabibu uleule mara kadhaa kwa sababu hazisinyai zote kwa pamoja. Siku nzima mtu anapata kilo chache tu. Ukiona bei ya chupa ikakushtua, kumbuka hiyo mikono.

Sasa zabibu zenyewe. Zinazoruhusiwa ni sita lakini mbili zinabeba mzigo mkubwa. Furmint ndo mama, imechukua zaidi ya nusu ya mashamba, inachelewa kuiva na ina uchachu mkali kama wa ndimu, na huu uchachu watu wengi hawaujali wakati ndo unaofanya waini yenye sukari nyingi vile isikinaishe, unameza unataka tena, bila huo ungekuwa unakunywa shira. Hárslevelű ni ya pili, jina linamaanisha jani la mti wa lindeni, inaleta harufu ya maua na asali na inalainisha ukali wa Furmint, kwa hiyo hizi mbili zinachanganywa mara nyingi. Ya tatu ni Sárgamuskotály, muskati ya njano, inanukia mpaka chumba cha pili, ukiipata peke yake kwenye chupa tamu anzia hapo kama hujazoea waini, maana inapendeka kirahisi. Zilizobaki ni Zéta, Kövérszőlő na Kabar, kidogokidogo tu za kuongezea, ingawa Zéta inapendwa kwa sababu inaiva mapema na inashikwa na kuvu haraka.

Kuchagua chupa fanya hivi. Kama ni mara ya kwanza na hutaki kutoa hela nyingi, tafuta iliyoandikwa késői szüretelésű, yaani ya mavuno ya kuchelewa. Haina uzito wa aszú, ina tunda jingi, unainywa ikiwa changa. Ukitaka kupanda ngazi chukua Szamorodni, lakini édes tafadhali, usirudie yangu. Neno lenyewe ni la Kipolandi, maana yake kama "ilivyojizaa yenyewe", kwa sababu hapa hawachagui punje, wanavuna kishada chote kilichosinyaa na kisichosinyaa wanakamua pamoja. Kwangu mimi hii ndo chupa yenye thamani kuliko bei yake, na inasikitisha watu wanairuka wanakimbilia jina kubwa.

Halafu ndo Aszú yenyewe. Punje zilizosinyaa zinalowekwa kwenye juisi ya zabibu au waini changa, kama siku moja mpaka mbili, kisha inakamuliwa na kuachwa ichachuke taratibu kwenye mapipa ya mwaloni ndani ya mahandaki ya baridi ambayo kuta zake zimefunikwa na kuvu mweusi laini kama sufi. Zamani walipima utamu kwa puttony, kapu la mgongoni la kama kilo 25, wanahesabu makapu mangapi yameingia kwenye pipa moja la lita 136 linaloitwa pipa la Gönc. Siku hizi wanapima sukari maabara lakini namba imebaki kwenye lebo. Kuanzia mavuno ya 2013 zinaruhusiwa 5 na 6 tu: 5 puttonyos lazima iwe na angalau gramu 120 za sukari kwa lita, 6 angalau 150, wakati soda ya kola ina kama 106. Chupa za zamani za 3 na 4 bado unaweza kukutana nazo, siyo feki.

Juu ya zote kuna Eszencia, matone yanayojitiririsha yenyewe kutoka kwenye punje za aszú zikilaliana kwa uzito wao, sukari kuanzia gramu 450 kwa lita, nzito mpaka hamira inashindwa kazi, inachachuka miaka na pombe mara nyingi haifiki hata asilimia 5. Hii watu wanaonja kwa kijiko.

Angalia pia imeandikwa Hungaria. Majirani Slovakia wana eneo lao la Tokaj, hilo ni halali kabisa, ila majina kama Tocai ya Italia na Tokay ya Alsace, Ufaransa, yalikoma kutumika 2007 na hayakuwa hata na Furmint ndani.

Ukishaipata usiigandishe. Weka friji, itoe kama dakika 20 kabla, nyuzi 11 mpaka 13 inatosha, ikiwa baridi sana harufu ya aprikoti na ganda la chungwa inafunga. Mimina kidogo kwenye glasi ya waini ya kawaida, siyo kile kiglasi cha shoti, pua inahitaji nafasi. Chakula chake maarufu ni maini ya bata bukini na jibini ya bluu, chumvi na mafuta vinakutana na sukari na uchachu vinatulizana. Korosho za kukaanga zenye chumvi nazo zinakwenda vizuri mno. Usiiweke na halua au keki ya sukari nyingi, chakula kikiwa kitamu kuliko waini basi waini inageuka kuwa chachu mdomoni, chagua kitindamlo cha matunda ambacho hakijazidi.

Chupa ya aszú kwa kawaida ni nusu lita, na hakuna haja ya kuimaliza siku hiyohiyo, rudisha kizibo, isimamishe kwenye friji, wiki mbili tatu bado iko vizuri, na mimi siku ya tatu ndo huwa naipenda zaidi.