Msomi akikuambia umchague nani: jinsi ya kumsikiliza usiingie mkenge

Uchaguzi ukikaribia hapa Tanga magrupu ya wosapu yanafurika voisi za wasomi, mara daktari kasema mgombea huyu hafai, mara mchumi kasema yule akipita bei zitatuua, na aliyefowadi anamalizia "sio mimi nimesema, ni mtaalamu". Ukienda kijiweni Ngamiani nusu wanakuambia msomi habishiwi na nusu wanakuambia wasomi wote washanunuliwa. Mi naona wote wanajirahisishia kazi tu, maana voisi moja ya msomi mara nyingi ina vitu vitatu ndani yake na kila kimoja kina bei yake.

Kwa hiyo kwanza ikatekate. Tuseme injinia wa mambo ya bandari anamzungumzia mgombea anayeahidi meli kubwa zaidi zije Tanga. Anaanza: zamani kina cha gati kilikuwa mita 3, meli zinatia nanga huko nje mzigo unaletwa na matishari, sasa kimechimbwa hadi mita 13. Hapo tega sikio, ndo kazi yake hiyo, na ukitaka kuhakikisha kaulize vibarua wa bandarini wenyewe waliokuwa wanapakua kwenye matishari. Anaendelea: basi ahadi ya huyu mgombea itatimia ndani ya miaka 5. Hapo ameshaingia kwenye kutabiri, maana kuchimba bahari anakujua ila hela ya kuchimba inapitishwa bungeni na huko yeye hana ujuzi kukuzidi sana. Halafu anafunga, "huyu ndo anatufaa wana Tanga." Basi, uinjinia umeishia hapo juu, hii ya mwisho ni kura yake na ni moja tu kama ya muuza kahawa. Ana haki ya kuisema wala sio dhambi, ila usiipe uzito wa zile mita 13. Na angalia sana, klipu nyingi zinazozunguka zimekatwa ikabaki hiyo ya mwisho tu, itafute nzima kwanza.

Ukishaikata jiulize, hicho anachokisema amekipima mwenyewe au amekiona kwenye tivii kama sisi? Hili lina kisa chake Marekani. Mwaka 1964 jarida moja linaitwa Fact liliwatumia madaktari wa akili 12,356 swali kama Barry Goldwater, mgombea urais, ana akili timamu ya kuongoza nchi. Wakajibu 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai. Madaktari kweli hao, vyeti vyao vipo, lakini walikuwa wanampima mtu wa kwenye magazeti! Goldwater uchaguzi alishindwa ila kesi dhidi ya hilo jarida alishinda, akalipwa dola 75,000, na mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaweka kanuni kwamba ni mwiko daktari kutoa maoni ya kitaalamu juu ya akili ya mtu maarufu ambaye hajampima na hajapewa ruhusa naye. Kwa hiyo ukisikia daktari anasema mgombea fulani "anaonekana ana ugonjwa wa kusahau", unajua cha kuuliza.

Kwenye utabiri ndo kuna shida kubwa zaidi. Kuna mtafiti wa Marekani, Philip Tetlock, aliwafuatilia wataalamu 284 wa siasa na uchumi kwa miaka kama 20 akiandika kila wanachotabiri, na kwa wastani hawakuzidi sana kubahatisha, tena wale wanaoitwaitwa kwenye vyombo vya habari ndo walikuwa wabaya zaidi. Yaani yule anayeongea kwa uhakika mpaka unaogopa kupumua! Mwamini zaidi anayesema "inategemea" halafu akakuambia inategemea nini. Na usichanganye utabiri na kura za maoni, ile ni kuuliza watu watamchagua nani na kuhesabu majibu yao, nayo ina mipaka. Mwaka 2015 Twaweza, shirika linalokusanya maoni ya wananchi, walitoa Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25, matokeo ya Tume yakaja 58 kwa 40. Mshindi walimpata, pengo halikuwa lile, na kwa vyovyote kujua nani atashinda sio kujua nani anafaa.

Masilahi nayo uyaulizie, kama yumo kwenye timu ya kampeni au anasubiri uteuzi. Uchawa wa wenye digrii upo, tusidanganyane. Lakini hata chawa anaweza kukupa takwimu ya kweli, wewe irudie tu hesabu yake.

Na wakija kwa wingi? Novemba 2016 wachumi 370, wakiwemo 8 wenye Nobel, walisaini barua ya kuwaambia Wamarekani wasimchague Trump. Barua kama hiyo usihesabu saini, soma sababu moja moja uone ipi ni ya uchumi na ipi ni ya kuchukizwa na mtu.

Sasa kama wewe ndo msomi wa mtaani kwenu, mwalimu au nesi, wanaokuamini ni wengi na wana vyama tofauti, kwa hiyo jihadhari. Jarida la sayansi la Nature lilimuunga mkono Biden mwaka 2020, utafiti uliofanywa baadaye ukaonyesha wafuasi wa Trump waliooneshwa habari hiyo walipunguza imani na jarida lenyewe, hata kwenye habari za korona, na msimamo wao kuhusu wagombea haukusogea. Ukiongea kwenye grupu, sema chanjo inafanyaje kazi au bajeti ya shule inahesabiwaje, kisha nyamaza watu waulize. Ukitaka kumpigia debe mgombea wako rekodi voisi nyingine, na uanze nayo hivi: "hapa naongea kama mpiga kura."